Jioni, Kabla Hujawasha Taa

Wajukuu zangu,

Krismasi iliyopita mlijaa nyumbani kwangu hata wengine mkalala sebuleni juu ya mkeka, na moyo wangu ukashiba. Lakini mlipoondoka kurudi mjini mliniachia mambo mawili yaliyoninyima usingizi.

La kwanza ni la mjukuu wangu wa kike, ambaye simtaji kwa kuwa anajijua. Alikuwa akitafuta chenji kwenye mkoba, pakiti ya vidonge ikadondoka miguuni pangu. Nikamwuliza ni dawa ya nini. Akanijibu, "Ya chunusi tu, bibi. Rafiki yangu amenigawia nusu pakiti." La pili ni la kaka yake, ambaye mwanawe ametimiza miaka mitatu. Niliomba kadi ya kliniki ya mtoto, nikaifungua, nikakuta sehemu ya matone ya vitamini A haijajazwa kitu tangu alipotimiza mwaka. Mkwe wangu, mama wa mtoto huyo, akasema kazi zilimbana, na tena mtoto hana shida, chipsi anakula vizuri.

Asiyejua ataona hayo ni mambo mawili yasiyojuana: msichana na uso wake, mtoto na kadi yake. Mimi niliyevaa sare ya uuguzi miaka thelathini na moja naona ni jambo moja. Vidonge vile na matone yale ni ndugu wa ukoo mmoja. Mmoja wenu anazidisha, mwingine anapunguza, na wote wawili mmeshika kitu ambacho mwili hukipima kama sonara apimavyo dhahabu. Nimevuka sabini sasa. Nisiposema leo, sijui nitasema lini.

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nawahubiria kutoka mahali pa juu.

Mwaka 1974 nilikuwa muuguzi mpya katika kituo kidogo cha afya, huku kwetu katikati ya nchi ambako mvua huja ikipenda. Ulikuwa wakati wa njaa. Mtama ulikuwa umekauka shambani kabla ya kutoa masuke, na watu walikula uji mtupu siku baada ya siku. Asubuhi moja akaja mama na mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu, anakohoa. Nilipokuwa nampimia dawa ya kikohozi, mama akasema neno moja kwa sauti ya chini: "Sista, mwanangu jioni hanioni. Mbuzi wakirudi zizini anawakwaa, na nikimwita anakuja akipapasa ukuta."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa uani akikimbiza kifaranga kwenye jua kali, na hakukikosa. Nikamwambia mama, "Huyu ana usingizi tu. Mlaze mapema." Akashukuru, akaenda zake.

Wiki tano baadaye surua ilipita kijijini kwao. Akarudi na mtoto mgongoni, macho yamevimba na kufumba. Nilipofungua kope zake kwa vidole vyangu hivi, kile kioo cha mbele cha jicho, kinachopaswa kung'aa kama maji ya kisimani, kilikuwa kimelainika na kupasuka. Macho yote mawili. Mtoto alipona surua, lakini hakuona tena. Na yule mama hakunikumbusha kwamba aliniambia. Hadi leo kimya chake ndicho kinachoniuma kuliko lawama yoyote. Dalili ya mvua ni mawingu. Yeye aliyaona mawingu, akaja kuniambia mimi niliyesomea mvua, nami nikamrudisha nyumbani.

Sasa niwaeleze alichokiona, maana kosa langu halikuwa la roho mbaya. Lilikuwa la kutojua jicho linavyofanya kazi.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Humo mna seli zaidi ya milioni 90 zenye umbo la fito, ambazo kazi yake ni kuona penye mwanga hafifu, na nyingine chache zaidi zenye umbo la pia, ambazo huona mchana na kutofautisha rangi. Kila seli ya fito imejaa kitu cha rangi ya zambarau kiitwacho rodopsini. Nataka muifikirie rodopsini kama mtego wa panya. Mtego huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni protini iitwayo opsini, hiyo ndiyo mbao ya mtego. Ya pili ni kipande cha vitamini A kilichokunjwa, na hicho ndicho kitegeo chake. Chembe moja tu ya mwanga ikikigusa, kinanyooka, mtego unafyatuka, na habari inakimbilia kwenye ubongo: nimeona.

Ila mtego uliofyatuka hausaidii kitu mpaka utegwe upya. Kile kipande kilichonyooka hutolewa, hupelekwa kwenye safu ya seli nyeusi iliyo nyuma ya retina, hukunjwa tena huko, kisha hurudishwa mahali pake. Kazi hii haikomi. Na kila mzunguko una upotevu wake, kwa hiyo jicho huagiza vitamini A mpya kutoka kwenye damu, na damu huagiza kutoka kwenye ini, ambalo ndilo ghala. Ghala likibaki tupu, mitego mingi inabaki imefyatuka bila wa kuitega. Mchana mwanga ni mwingi, hata mitego michache inanasa. Jioni mwanga ni haba, na hapo kila mtego unahitajika. Ndiyo sababu yule mtoto alikimbiza kifaranga mchana na kupapasa ukuta jioni. Mama yake alikuwa amesoma ghala la ini la mwanawe bila kipimo chochote cha maabara, kwa kumtazama tu mbuzi wakirudi zizini.

Aliyeonyesha kwamba vitamini A imo ndani ya retina alikuwa kijana wa umri kama wenu. Aliitwa George Wald, Mmarekani, na mwaka 1933 alipoigundua akiwa masomoni Ujerumani alikuwa na miaka 26. Akaenda kuhakikisha katika maabara ya Paul Karrer huko Zürich, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amechora umbo la vitamini hiyo. Mwaka 1967 Wald akapewa Tuzo ya Nobel. Nawatajia kijana huyo ili mjue kwamba ujana unaweza kutazama jambo dogo kwa makini hadi likatoa siri yake. Hauko kwa ajili ya kutazama kioo tu.

Lakini kuona ni sehemu moja tu ya kazi ya vitamini A, na hapa ndipo nataka mnifuate polepole.

Sehemu nyingine ya vitamini hiyo mwili huigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Hii haishiki mwanga kabisa. Hii ni mjumbe. Mnamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi, anayepita mlango kwa mlango kusema kesho kuna mkutano, leo maji yanafungwa? Asidi ya retinoiki hupita hivyo hivyo. Huingia mpaka ndani ya kiini cha seli, hukuta humo mpokeaji anayeitambua, kisha wawili hao hukaa juu ya jeni na kutoa amri: hii ifunguliwe, ile ifungwe. Mwaka 1987 maabara mbili, moja ya Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na nyingine ya Ronald Evans huko California, zilitangaza kila moja kivyake kwamba zimempata mpokeaji huyo. Tangu hapo dunia ikaelewa kwamba vitamini A hailishi mwili tu, huusemesha.

Na huusemesha nini kuhusu jicho? Kwenye weupe wa jicho na kile kioo cha mbele husema: kaeni na unyevu, tengenezeni ute. Mjumbe akikosekana, ngozi ile laini hukauka na kuwa ngumu kama ngozi ya kisigino. Kwanza jicho hupoteza mng'ao. Kisha hutokea madoa meupe pembeni, kama povu la sabuni lililokaukia hapo. Kisha kioo chenyewe hulainika na kutoboka, na wakati mwingine hayo huchukua siku chache tu. Tumboni mwa mama, mjumbe huyo ndiye mmoja wa wanaosimamia ujenzi wa jicho lenyewe. Mwaka uleule wa 1933, huko Texas, mtafiti Fred Hale alimlisha nguruwe jike chakula kisicho na vitamini A, akazaa watoto wasio na macho kabisa. Hakuwa na ugonjwa wa ukoo, kwa maana nguruwe waliolishwa vizuri baadaye walizaa watoto wenye macho. Ujumbe haukufika kwa wakati, basi.

Mjumbe huyu hafanyi kazi kwenye jicho peke yake. Anapita kwenye mapafu, utumbo, na askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Daktari Mmarekani Alfred Sommer alikwenda Indonesia kuchunguza macho ya watoto, akagundua kwamba wale wasioona jioni walikuwa wakifa zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa vijiji 450 vya Aceh, kaskazini mwa Sumatra: walikopewa watoto vitamini A, vifo vilipungua kwa asilimia 34. Kwa hiyo mtoto anayepapasa jioni hajaanza kupoteza macho tu. Ameanza kupoteza ngome yake yote.

Na ushahidi mwingine ulitoka hapa hapa kwetu Ugogo, katika Hospitali ya Mvumi nje kidogo ya Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kundi la watoto 88 walipewa dozi mbili za vitamini A, yuniti 200,000 kila siku kwa siku mbili. Kundi la 92 walipewa matibabu ya kawaida. Kati ya wale 88 walikufa sita. Kati ya wale 92 walikufa kumi na wawili. Kwa walio chini ya miaka miwili ndiko tofauti ilikoonekana waziwazi: mmoja huku, saba kule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo wa 1987 ambao wataalamu wa Ufaransa na Marekani walimpata mpokeaji wa mjumbe ndani ya seli. Mwaka huo pia Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko la pamoja kwamba mtoto mwenye surua, mahali ambapo upungufu upo, apewe vitamini A. Niliposoma habari za Mvumi nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu nimrudishe yule mama.

Mkwe wangu, mpaka hapo nasema nawe. Matone yale ambayo kadi haina si pipi ya kliniki. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kila mtoto kuanzia miezi sita hadi kabla ya kutimiza miaka mitano anaitwa. Wa miezi sita hadi kumi na moja hupewa kidonge cha bluu cha yuniti 100,000. Wa mwaka mmoja na zaidi hupewa chekundu cha yuniti 200,000. Muuguzi hukata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni, na imekwisha. Ini la mtoto huiweka akiba hiyo na kuitoa kidogo kidogo miezi inayofuata. Hakuna kazi inayobana kiasi hicho. Na chanjo ya surua, ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane, isikupite, kwa sababu surua ndiyo mwizi anayelivunja ghala usiku mmoja.

Na wewe, mjukuu wangu wa vidonge, usidhani umepona. Zamu yako imefika.

Kuna jambo ambalo Mungu aliliweka kwenye matembele na maembe ambalo halimo kwenye pakiti yako. Mboga na matunda hayana vitamini A yenyewe. Yana karotini, ambayo utumbo wetu huigeuza kuwa vitamini A. Na utumbo una bawabu. Mwili ukishakuwa na vya kutosha, asidi ya retinoiki, mjumbe yule yule, hurudi mlangoni na kumwambia bawabu: basi, funga. Ndiyo maana mtu anaweza kula maboga na karoti mpaka viganja vikawa vya njano, lakini hapati sumu ya vitamini A. Kidonge chenye vitamini A kamili, au dawa iliyotengenezwa kwa kumwiga mjumbe, hakipiti kwa bawabu. Kinaingia kikipiga kelele, na mwili hauna mlango wa kukifungia.

Madhara ya kuzidisha si ya jana. Mwaka 1973 Mkenya Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa mabaki ya kale, alipata mifupa huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Ilikuwa ya mmoja wa watu wa kale walioishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa ya miguu ilikuwa imefunikwa na tabaka la mfupa mbovu, ulioota ovyo. Alan Walker na wenzake walieleza mwaka 1982 kwamba inafanana na mifupa ya mtu aliyesumishwa na vitamini A iliyozidi, labda kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Wengine wametoa maelezo tofauti, na wataalamu bado wanabishana. Mimi nikiwaza mifupa ile najiambia: kama ni kweli, basi pwani ya ziwa letu kuna mtu aliyeumia kwa kitu kizuri kuliko kipimo, kabla hata ya binadamu kama sisi kuwapo.

Dawa uliyogawiwa inaitwa aisotretinoini. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali zilizoshindikana kwa dawa nyingine, na kwa mgonjwa wa namna hiyo, chini ya daktari wa ngozi, ni dawa nzuri. Sikatai. Lakini ni ndugu wa mjumbe. Kwa mwanamke anayeanza kubeba mimba inakuja na amri wakati ambao mtoto anajengwa masikio, uso, moyo na ubongo, na amri hizo huvuruga ujenzi wote. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake hapimi chunusi tu. Anapima mimba kwanza, anahakikisha mwanamke anatumia njia ya kuzuia mimba mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Rafiki yako alipokupa nusu pakiti, alikupimia nini? Na wale wanaouza krimu za aina hiyo kando ya mkorogo, bila karatasi ya daktari, wanajua umepata siku zako lini?

Tena kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa. Dawa hiyo huingilia pia ule mtego niliowaeleza. Huchelewesha kukunjwa upya kwa kile kitegeo, na baadhi ya wanaoimeza hujikuta hawaoni vizuri jioni, wakati mwingine ghafla, hata wakiwa wanaendesha gari. Umenielewa? Yule mtoto wa 1974 alipapasa ukuta kwa kukosa. Wewe unaweza kupapasa ukuta huohuo kwa dawa ya kujipendezesha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi bibi yako nakupa pole mapema, na nakuomba uutoe mwiba kabla haujazama.

Mimba nayo ina kipimo chake hata bila dawa ya chunusi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha vitamini A kwa mjamzito kuwa yuniti 10,000 kwa siku. Basi mjamzito asijinunulie vidonge vya vitamini kwa kusikia tu, na maini ale kidogo na kwa nadra, akimwuliza mkunga. Mboga za majani ale bila hofu, kwa sababu bawabu yupo.

Kuna neno la tatu, nalo nawaonya nyote. Msije mkatoka hapa mkidhani kila giza la macho dawa yake ni vitamini A. Wauzaji wa virutubisho wameshaijua hofu ya watu, na kwenye simu zenu matangazo ya kusafisha macho hayakauki. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo watu ambao ghala lao limejaa na bado hawaoni. Wengine huzaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo RPE65, ambayo ndiyo inayotengeneza fundi wa kukikunja upya kile kitegeo. Hata uwape vitamini A gunia zima, hakuna wa kutega mtego. Hao Desemba 2017 Marekani iliwaruhusia tiba ya kupandikiza jeni nzima chini ya retina, kwa bei ya dola 425,000 kwa kila jicho. Wengine wana ugonjwa wa Stargardt, unaoanza mara nyingi utotoni au ujanani. Jeni yao ya ABCA4 haiwezi kuondoa mabaki ya vitamini A yaliyokwisha kutumika, yakabaki kwenye retina kama majivu jikoni yasiyozolewa, hata yakaua seli za katikati ya kuona. Kwao, kuongeza vidonge vya vitamini A ni kuongeza majivu, na madaktari huwakataza.

Na liko jambo lililonishangaza hata uzeeni. Watafiti wa Richard Kramer, chuo kikuu cha Berkeley, walichunguza panya ambao seli zao za kupokea mwanga zilikuwa zinakufa. Mwaka 2019 walionyesha kwamba katika retina inayokufa, asidi ya retinoiki huendelea kutoa amri, na seli zilizobaki hai, zile zinazopeleka habari kwenye ubongo, huanza kupiga kelele bila sababu. Kelele hizo hufunika habari kidogo ya mwanga iliyosalia, kama redio inayokoroma hata sauti ya mtangazaji isisikike. Walipomzuia mjumbe asisikike, panya wakaona vizuri zaidi. Mwaka 2022 walipata matokeo yanayofanana kwa dawa ya zamani ya kuwasaidia walevi kuacha pombe, disulfiramu. Ni panya, si watu, na asiende mtu kuinunua. Ila fikirini: mjumbe aliyejenga jicho tumboni ndiye yule yule anayeweza kulisumbua likizeeka na kuugua. Hakubadilika yeye. Yamebadilika mahali na wakati alipopeleka ujumbe.

Basi shikeni haya.

Mtoto mchanga apewe maziwa ya kwanza, yale ya njano. Msiyakamue mkayamwaga mkidhani ni machafu. Yamejaa vitamini A kuliko yatakayofuata. Akianza kula, mboga isikose sahani yake: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vinapatikana sokoni sasa. Mpikieni hivyo badala ya chipsi. Maembe na mapapai yakiiva yasiozee chini ya mti. Dagaa aliwe mzima, kwa kuwa ini lake limo. Na kila mboga iwe na mafuta au karanga, maana karotini haisafiri bila mafuta. Sisi Wagogo tunapenda mlenda; tieni karanga ndani yake. Na mnapokausha majani kwa ajili ya kiangazi, anikeni kivulini, kwani jua kali linakula karotini mkidhani linawahifadhia chakula. Aliye na ndugu Kigoma amwombe mawese mekundu, wala msiyachemshe mpaka yakawa meupe. Mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A yana alama kwenye lebo, isomeni.

Jicho la mtoto likiuma au likivimba, hasa baada ya surua au kuharisha kwa muda mrefu, msitie kitu: si maji ya majani, si maziwa ya mama, si mkojo, si dawa ya jicho la jirani. Nimeona macho yaliyoponzwa na huruma. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na mkifika, semeni kila kitu, hata kama muuguzi ana haraka. Akikudharau, rudia. Akikudharau tena, tafuta mwingine. Yule mama wa 1974 alisema mara moja, kwa sauti ya chini, kwa sababu aliniheshimu. Ninyi semeni mara tatu.

Wewe mjukuu wangu, acha vidonge hivyo leo, uende kwa daktari wa ngozi na pakiti mkononi, umweleze ukweli wote.

Na jambo la mwisho si la hospitali. Zamani giza lilikuwa mpimaji wetu. Likiingia, mama alijua mtoto gani haoni. Siku hizi swichi inabonyezwa saa kumi na mbili, na dalili ile inafichwa na balbu. Kwa hiyo, jioni moja kila wiki, kabla hujawasha taa, mwite mtoto kutoka upande wa pili wa chumba. Umwambie akuletee kikombe. Wewe mjukuu wangu wa kike, simama naye, utembee na wewe hatua zile zile kwenye kiza kile kile. Kisha nyamaza, utazame miguu inavyokanyaga na mikono inavyokwenda.

Mkono ukienda ukutani, msiseme ni usingizi.

Bibi yenu.